Tuiname Tuione Njia

Njia ya kwenda kisimani sisi akina mama tunaijua kama viganja vya mikono yetu. Hapa Kasoli, wilayani Bariadi, tunaipita alfajiri na jioni, ndoo kichwani, mtoto akitufuata nyuma. Lakini mwenye ndoo kichwani hutazama mbele tu. Mtoto wa miaka miwili yuko chini, na ayaonayo yeye siyo tuyaonayo sisi.

Basi, akina mama wapenzi, tuchague siku moja kila juma tuipite njia ile ile bila mzigo, tukichuchumaa hapa na pale mpaka macho yetu yalingane na ya mtoto. Tutaona nini?

Kwanza, alama za kwato za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua. Tukiinama tutaona vijidudu vimelala sambamba na uso wa maji. Hao ni viluwiluwi wa mbu wa malaria. Toka yai hadi mbu arukaye ni kama siku 7 hadi 14. Ndiyo maana tunasema kila juma: tukivifukia vidimbwi leo, hawataruka.

Pili, kandokando ya lambo, kwenye majani, tutaona konokono wadogo. Baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtoto achezaye majini. Mtoto akikojoa damu tusiseme ni kawaida, apelekwe zahanati.

Tatu, pembeni mwa shamba la pamba, chupa ya dawa ya wadudu. Kwetu ni takataka, kwa mtoto ni kikombe. Akiinywa tusimtapishe, tumkimbize zahanati pamoja na chupa yenyewe.

Yako na mengine. Yule bibi aketiye mlangoni, ambaye kila siku tunamsalimu huku tukipita, tukichuchumaa mbele yake tutaona miguu iliyovimba na jiko lisilo na moto.

Zakayo alikuwa mfupi, akapanda mkuyu ili amwone Yesu. Sisi tulio warefu kuliko watoto wetu yatupasa kushuka. Bwana mwenyewe alimweka mtoto mdogo katikati ya wanafunzi wake.

Jumapili hii, baada ya ibada, twende wawili wawili. Tusisahau jembe la kufukia vidimbwi, na kibaba cha unga kwa ajili ya bibi.