Utangulizi: Kupiga Picha Ndege Wadogo Katika Theluji

Aliyekaa Arusha au Nakuru mwezi Januari huenda amemwona, bila kujua jina lake, ndege mwembamba mwenye umanjano uliofifia akidonoa wadudu kwenye migunga. Ni Phylloscopus trochilus, mwenye gramu 10 hivi, mhamaji aliyeikimbia baridi ya kaskazini mwa Ulaya. Fani ninayokukaribisha inamhusu jirani yake aliyebaki.

Wafini humwita hömötiainen, wanasayansi Poecile montanus. Ana kofia nyeusi, mashavu meupe, na uzito usiofika vijiko vitatu vya chai vya sukari. Katika misitu ya Kuusamo, kaskazini mwa Ufini, mchana wa mwishoni mwa Desemba haufiki urefu wa saa nne, na baridi huweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Katika mchana huo mfupi lazima ajipatie mafuta ya kumfikisha asubuhi. Mbegu alizoficha kwenye magome kabla ya theluji ndizo ghala lake, na usiku hushusha joto la mwili ili akiba isimwishie. Mpiga picha anayemfukuza tawi kwa tawi anaila akiba hiyo. Kwa hiyo, kabla ya lenzi, jifunze kukaa. Weka mbegu za alizeti, simamisha karibu nazo tawi lenye theluji, kisha tulia. Atatua hapo mwenyewe.

Theluji huidanganya kamera. Kipimo cha mwanga hukichukulia kila kitu kuwa cha kijivu, na weupe hutoka kama majivu. Ongeza mwanga hatua moja, hata mbili, ukichunga mashavu yasipoteze nyuzi za manyoya. Lakini theluji hiyohiyo huurudisha mwanga kutoka chini na kulifunua tumbo la ndege, sehemu ambayo katika misitu yetu karibu daima hubaki kivulini. Hapo utamwona amejitutumua kama mpira. Hewa iliyonaswa katika manyoya hayo ndiyo blanketi lake, na picha nzuri huionyesha.

Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani. Ukirudi nyumbani, ifungie kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, mvuke utue juu ya mfuko badala ya lenzi.

Na ukishaanza kumlisha, tafadhali usikatize katikati ya baridi kali.