Kurithi Mwendo wa Marehemu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kijana mmoja wa hapa Mbulu aliniletea swali ambalo naona si lake peke yake. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa kutembea. Nyumba yao iko ng'ambo ya bonde, na kwa miaka mingi mzee yule alishuka na kupanda kwa miguu ili aiwahi sala ya Alfajiri msikitini, hata katika baridi ya mwezi wa Julai ambayo sote twaijua. Alipofariki, mwanawe aliijia njia ile ile kwa pikipiki. Kisha siku moja akaiacha pikipiki nyumbani, akaishika bakora ya baba yake, akatembea, na tangu hapo hakuacha. Akaniuliza, "Sheikh, mwendo huu ninaokwenda kwa kumkumbuka baba, thawabu zake zamfikia? Au nimezua jambo?"

Yapasa tulijibu kwa uangalifu. Amepokea Imam Muslim kwa Abu Hurayra (R.A.) kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea dua. Kutembea au kukimbia kwa nafsi yake si ibada. Ni jambo la mubaha, na nia ndiyo iliyonyanyua daraja yake. Kwa hiyo mtu asiseme, "Natembea kwa niaba ya baba," kama anavyohiji mtu kwa niaba ya mzazi wake. Hija ina dalili yake: mwanamke wa kabila la Juhayna alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mama yake aliyeweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla ya kuitimiza, akaamrishwa amhijie. Katika kutembea hatuna dalili ya namna hiyo. Wala mtu asiufanye mwendo huo kuwa matanga yasiyokwisha, kwani kuomboleza kuna mpaka wake: siku tatu, isipokuwa mjane, naye ni miezi minne na siku kumi.

Lakini baba hakukosa fungu lake. Imepokewa kwa Jarir bin Abdillah (R.A.) kuwa mwenye kuanzisha mwendo mwema katika Uislamu hupata ujira wake na ujira wa wanaoufuata baada yake, pasi na kupungua chochote katika ujira wao. Mzee aliyemzoeza mwanawe kwenda msikitini kwa miguu amepanda mti ambao yungali akiyapata matunda yake kaburini. Na huko Madina alikuwako Sahaba mmoja ambaye Ubayy bin Kaab (R.A.) alisema hakumjua mtu aliyekaa mbali zaidi na msikiti kuliko yeye, wala hakuikosa sala. Akashauriwa anunue punda wa kumpanda gizani na katika joto kali. Akakataa, alitaka kwenda kwake na kurudi kwake kuandikwe. Mtume (S.A.W.) akambashiria kuwa Mwenyezi Mungu amemkusanyia yote hayo. Punda wa zama zile ndiye pikipiki yetu ya leo, na wala si haramu kumpanda!

Tena liko jambo ambalo kijana yule hakuliuliza. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija (R.A.A.) baada ya kufa kwake. Na Abdullah bin Umar (R.A.) alikutana na bedui katika njia ya Makka, akampa punda wake na kilemba chake, kwa sababu tu baba wa bedui yule alikuwa kipenzi cha Sayyidna Umar. Sasa, anayepita kwa pikipiki huwapungia mkono tu wazee waliokuwa wakifuatana na baba yake. Anayetembea huwasalimu, huwajulia hali, na huwashika mkono penye mteremko.

Wako wenzetu wa Hanang, ndugu zangu, ambao tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlimani vilishuka Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Baadhi ya nyumba hazikubakiwa na kanzu wala bakora ya marehemu. Aliyebaki na tabia ya mzazi wake amebaki na kitu ambacho tope halikukifikia.

Mwili nao una haki. Mtume (S.A.W.) alimwambia hivyo Abdullah bin Amr bin Al-Aas (R.A.) alipozidisha kufunga na kukesha. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wautaabishe mwili kwa kiasi, angalau dakika 150 kwa wiki, jambo ambalo husaidia kuzuia shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari. Mwenye maradhi ya moyo au magoti amwulize tabibu kwanza. Asijidhuru kwa kutaka kulingana na marehemu. Na mama naye hurithiwa, kwani Bibi Aisha (R.A.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), mara moja akamshinda.

Nilimwambia kijana yule anuie sala, aitunze amana ya mwili wake, na kila afikapo bondeni amsomee baba yake dua ya wazazi wawili iliyomo katika Suratul Israa. Dua hiyo ndiyo imfikiayo marehemu bila ya shaka. Pikipiki aiweke kwa siku za mvua na kwa kumpeleka mama yake hospitali.

Wabillahi tawfiq.