Ahadi ni Deni: Tathmini ya Kisa cha Mji wa Masokwe

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wetu wa fasihi hutuuliza swali lile lile: je, dhana kama msuko, taharuki na mandhari zina kazi gani nje ya riwaya na tamthilia zilizoteuliwa kwa ajili ya mtihani? Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kutumia kazi ambayo wengi wao wanaifahamu kuliko riwaya, yaani filamu ya katuni ya mashujaa. Tumechagua kisa kimoja cha sehemu mbili ambacho kilituvunja moyo. Tumekichagua makusudi, kwani kazi iliyofaulu humfanya mtazamaji asahau ufundi wake, ilhali kazi iliyokwama humlazimisha kuuliza ilikwama wapi.

Kisa hicho tulikitazama mara ya kwanza miaka kadhaa iliyopita katika kibanda cha video karibu na uwanja wa Nakivubo, hapa Kampala. Wasomaji walio nje ya Uganda huenda hawavijui vibanda hivyo. Ni vyumba vya mbao na mabati, vyenye mabenchi, runinga na spika, ambamo watu hulipa kiingilio kidogo ili kutazama filamu za kigeni. Anayezifanya zieleweke ni VJ. Fundi huyu hufasiri mazungumzo kwa Kiganda, na papo hapo hutania, hufafanua na hukosoa. Kwa istilahi zetu, yeye ni fanani aliye mbele ya hadhira yake. Siku ile mwenye kibanda alionyesha sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili iliwekwa kesho yake, kwa kiingilio kingine. Tulirudi, tukalipa tena.

Muhtasari wa kisa

Kisa kinatoka katika mfululizo wa Kimarekani uitwao Justice League, ulioonyeshwa kati ya mwaka 2001 na 2004. Takribani visa vyote vya mfululizo huo viligawanywa katika sehemu mbili, na vichache katika sehemu tatu. Hiki tunachokijadili kinaitwa The Brave and the Bold, na kilitoka mwaka 2002.

Flash, shujaa mwenye mbio za ajabu, na mwenzake Green Lantern wanapambana na Grodd, sokwe mwenye akili nyingi na uwezo wa kuzitawala fikra za wengine. (Sokwe tunayemkusudia hapa ni gorila.) Grodd ametoka katika mji wa masokwe waliostaarabika, uliofichwa mahali fulani barani Afrika, na sokwe mwenzake aitwaye Solovar amekuja Marekani kumsaka. Katika sehemu ya pili, makombora yanaelekezwa kwenye mji huo, nao mashujaa wanahangaika kuyazuia. Hatimaye kifaa cha Grodd cha kutawala fikra kinamgeukia mwenyewe.

Taharuki ni deni

Tuseme kweli: sehemu ya kwanza ni nzuri. Mtazamaji anaona watu wakitenda mambo wasiyoyakusudia, naye hajui ni nani anayetawaliwa na nani aliye huru. Maswali mawili yanazuka. La kwanza: shujaa atafanya nini ikiwa akili yake mwenyewe si ya kuaminika? La pili: masokwe hawa ni nani, na wanaishije huko kwao? Tulitoka kibandani tukiyabishania maswali hayo hadi kwenye kituo cha matatu.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Taharuki nayo ni ahadi. Msanii anapokatiza kisa katikati na kumwambia mtazamaji arudi kesho, amekopa, na hana budi kulipa kwa sarafu ile ile aliyokopa. Katika sehemu ya pili hakuna swali hata moja kati ya yale mawili linalojibiwa. Badala yake tunapewa makombora. Hatari imekuwa kubwa zaidi, lakini si hatari ile tuliyoahidiwa. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili katika insha zao, wakidhani kwamba kilele cha msuko ni pale penye kishindo kikubwa. Sivyo. Kilele ni pale mgogoro ulioanzishwa unapofikia hatua ambayo hauwezi tena kuahirishwa.

Anguko la mhusika

Kasoro ya pili ni namna Grodd anavyoshindwa. Flash amezichezea nyaya za kile kifaa, basi mambo yamekwisha. Huo ni ujanja wa fundi umeme, nao hauhusiani na tabia ya Grodd wala na jambo lolote alilojifunza Flash tangu mwanzo.

Tulinganishe na shujaa wetu wa pwani, Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yake yaliandikwa katika utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo naye ana nguvu zisizo za kawaida, na ana siri moja tu: atauawa kwa shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo hatuambiwi baada ya tendo. Mwanawe anatumwa kuiuliza, baba anatambua kwamba mtoto ametumwa, na bado anaitaja. Tangu hapo kila hatua inatutia hofu, kwa kuwa tunajua. Anaanguka kwa sababu ya mapenzi ya baba kwa mwana, si kwa sababu ya waya. Hata akiwa amekufa, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wanaogopa kumkaribia. Msanii amelipa deni lote.

Mandhari isiyo na lugha

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, inahusu mandhari. Mji wa Masokwe na Grodd mwenyewe walibuniwa na John Broome na Carmine Infantino katika kitabu cha vibonzo cha mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya Uganda kupata uhuru. Afrika ya vitabu hivyo ilikuwa msitu mmoja usio na mipaka wala majina. Lakini filamu hii ni ya mwaka 2002. Kufikia wakati huo watalii walikuwa wakiwatembelea masokwe wa Bwindi tangu mwaka 1993, na msitu huo ulikuwa umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Hata hivyo, mji wa filamu haupewi nchi. Kazi yake katika msuko ni moja tu, nayo ni kulengwa.

Isitoshe, masokwe hao wanazungumza Kiingereza. Mwanafunzi wetu mmoja aliuliza darasani: wakiwa peke yao nyumbani, wanasemaje? Wenzake walicheka, lakini swali lake ni zito. Jamii iliyojificha kwa vizazi vingi ingekuwa na lugha yake, na lugha hiyo ingetuonyesha wanavyouona ulimwengu. Kuinyima jamii lugha ni kuinyima ndani yake, ikabaki ganda tu.

Hapa ndipo tunapomkumbuka yule VJ wa Nakivubo. Ilipotajwa Afrika, yeye hakusema Afrika. Alisema Bwindi, na Solovar akampa salamu za watu wa Kisoro. Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. Kwa maneno machache fanani huyo aliwapa masokwe nchi, majirani na adabu, mambo ambayo wasanii wa filamu hawakuyatoa katika sehemu zote mbili. Hakuweza kuuokoa msuko, lakini mandhari aliiokoa.

Mapendekezo kwa walimu

Bunge la Uganda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wengi wanalalamika kwamba wanafunzi wao hawakisikii Kiswahili nje ya darasa. Tunapendekeza zoezi lifuatalo, ambalo tumelijaribu:

1. Wanafunzi watazame dakika kumi za katuni, kisha wazifasiri kwa Kiswahili kama VJ, kwa sauti, mbele ya wenzao.

2. Wazingatie upatanisho wa kisarufi. Sokwe, awe wa msituni au wa katuni, ni kiumbe hai: sokwe huyu amekuja, masokwe hawa wamekuja.

3. Waandike upya mwisho wa kisa ili ujibu swali lililoulizwa mwanzoni.

4. Walinganishe na kazi za Waafrika wenyewe. Mkusanyiko wa katuni uitwao Kizazi Moto, wa mwaka 2023, una filamu ya Mganda Raymond Malinga iitwayo Herderboy, kuhusu wachunga ng'ombe. Jina la mkusanyiko wenyewe linafaa kujadiliwa: kwa nini si kizazi cha moto?

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kisa hiki hakikuanguka kwa kukosa fedha wala picha nzuri. Kilianguka kwa sababu kilikopa taharuki na hakikulipa, na kwa sababu kiliitumia Afrika kama shabaha. Dhana tunazozifundisha darasani ndizo zilizotuwezesha kuliona hilo. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa Kiswahili sanifu kwa nini filamu fulani imemchosha, badala ya kusema tu kwamba ni mbaya, ameshaanza kuwa mhakiki. Tunawakaribisha wasomaji walioijaribu kazi hii katika shule zao watuandikie, nasi tutayachapisha maoni yao katika toleo lijalo.