Trekta dogo la kurudi nalo Kigwena: gia au pedali?

(Muziki unapanda, unashuka.)

 

Leo tunajibu barua ya familia tisa zinazojiandaa kurudi Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Wamechanga pesa wanunue trekta dogo lililokwisha kutumika. Muuzaji amewaambia: “Chukueni hili, halina usumbufu wa gia. Unakanyaga pedali tu, linaenda.” Wanauliza kama ni kweli.

Ni kweli, ila muuzaji amesema nusu. Injini ya trekta huzunguka mbio sana, lakini tairi linatakiwa kwenda polepole kwa nguvu. Katikati yake kuna kitu kinachopunguza mbio na kuongeza nguvu, na hapo ndipo matrekta hutofautiana.

La kwanza ni lile la klachi na gia za meno. Chuma kinasukuma chuma, kwa hiyo nguvu nyingi ya injini inafika chini kwenye udongo. Ukivuta plau mchana kutwa, dizeli inakwenda taratibu. Ubaya wake ni kwamba dereva lazima ajifunze, na asiyejua hula sahani ya klachi mapema. Mengine yana mkono wa pembeni wa kwenda mbele na kurudi nyuma bila kuhangaika na gia. Ukipata la namna hiyo, mkono unapumzika.

La pili ndilo la muuzaji wenu, linaitwa haidrostatiki. Ndani kuna pampu inayosukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa, na mafuta hayo yanazungusha mota ya kupeleka matairi. Kanyaga kidogo, linatambaa. Achia, linapunguza mwendo lenyewe. Kwa kupita katikati ya michikichi, kusimama, kupakia mikungu ya ngazi na kurudi nyuma, hakuna raha kama hiyo. Hata mtu ambaye hajawahi kuendesha anaweza siku hiyo hiyo.

Lakini sehemu ya nguvu inapotelea kwenye mafuta na kugeuka joto. Kwa injini ile ile, plau italisikia. Tena mafuta yake si ya kuokoteza: yanataka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, safi, na chujio libadilishwe kwa wakati. Mchanga kidogo ukiingia, pampu inakwaruzika.

Nilikwenda kwa fundi wetu wa mashine za kusaga hapa kambini, mtu wa Uvira, nikamwuliza angefungua ipi. Alicheka. “Klachi naibadilisha chini ya mwembe. Ile pampu nikiifungua, mtaipokea kwenye gunia.”

Basi, wazee wangu, mama zangu, fikirini ni nani atakayelifungua lenu huko Kigwena, na spea itatoka wapi. Rumonge? Bujumbura? Na trekta likilala msimu wa kulima, familia tisa zinalala nalo. Kama kazi kubwa ni kulima na kuvuta trela la mawese, mimi ningechukua la gia. Kama ni kupakia na kufyeka tu, na fundi wa haidrostatiki mnamjua kwa sura, la pedali si baya.

Kabla ya kutoa pesa, liendesheni nusu saa mpaka lipate moto, ndipo mlipandishe mlima na mzigo. La pedali lililochoka huwa na nguvu likiwa baridi, likipata moto linaishiwa. La gia, angalieni kama gia inaruka yenyewe, au injini inapiga kelele na tairi haliendi: hiyo ni klachi imekwisha. Chomoeni kijiti cha mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, ondokeni. Muuzaji akikataa majaribio, ondokeni pia.

Na vijana wenzangu, mkishuka milima ya huko kuja ziwani na trela limejaa, msikanyage klachi wala kuweka gia huru ili kuokoa dizeli. Trela litawasukuma. Ingieni gia ndogo mkiwa bado juu. Hata la pedali lina mkono wa gia kubwa na ndogo. Ukiuweka huru mteremkoni, pedali haishiki kitu.

Familia tisa, mkishalijaribu tuandikieni lilivyopanda mlima. Barua iachwe dirishani kwetu kabla ya Alhamisi.

(Muziki.)