Kimo cha Gari na Kina cha Tope

Kila mwaka, mvua za mwezi wa Septemba zianzapo kushika kasi katika msitu wa Tshopo, huja karakanani kwangu Kisangani watu wa kila daraja, mchuuzi wa kakao na mpunga, mtumishi wa shirika la misaada, padri wa misheni na tajiri asafiriye kwa gari lake mwenyewe, nao wote, kana kwamba wameagana, huniuliza swali lile lile: "Fundi, nipandishe gari inchi ngapi ndipo nifike Bafwasende nisikwame?" Nimelijibu swali hili barazani, nimelijibu nikiwa chini ya gari na grisi mikononi, nimelijibu hata matangani, na juma lililopita, nilipoulizwa tena na bwana mmoja ambaye alikuwa amekwisha kulipandisha gari lake nyumbani kwa vipande vya tairi kuukuu, naye akataka nimwongezee inchi nyingine mbili, niliona kuwa ni wajibu wangu kulijibu kwa maandishi na kwa urefu, kwa sababu swali lenyewe limejengwa juu ya dhana isiyo na asili.

Dhana hiyo ni kwamba kulipandisha gari juu ya springi zake ni kuliondoa tumbo lake katika tope. Haiwi hivyo, wala haijapata kuwa hivyo, kwa magari tuliyo nayo wengi wetu. Land Cruiser ya toleo la 70, ile ya kazi inayojulikana katika kila hospitali ya vijijini, na ile ya toleo la 80 iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na springi za koili pande zote nne, zote mbili zina ekseli nzima mbele na nyuma, yaani bomba moja la chuma lianzalo gurudumu la kushoto na kuishia gurudumu la kulia, na katika bomba hilo ndimo ilimo difu, lile bonge zito la chuma ambayo ndiyo kitu cha chini kabisa katika gari na ndiyo ikwamayo. Ekseli hiyo haikutungikwa kwenye bodi. Imekaa juu ya magurudumu, na springi zimekaa juu yake. Basi chochote utakachokitia baina ya ekseli na bodi, kiwe springi ndefu iliyotoka Australia, kiwe pete ya chuma, kiwe kipande cha gogo, kitainua kile kilicho juu yake tu, nacho ni bodi na injini na abiria na mizigo. Difu itabaki pale pale ilipokuwa, hata bodi ukiipandisha ikalingana na dari la kanisa.

Asiyenisadiki na atwae utepe wa kupimia, apime toka ardhini hadi chini ya difu kabla ya kazi, kisha apime tena baada yake, aone kama ameongeza hata milimita moja. Kiinuacho difu ni tairi peke yake, na tairi nayo huiinua kwa nusu tu ya kile kipenyo kilichoongezeka: ukiondoa tairi za 265/75 R16, ambazo kipenyo chake ni kiasi cha milimita 804, ukatia za 285/75 R16 zenye milimita 834, umeongeza milimita 30 katika kipenyo, na difu yako imepanda milimita 15, upana wa kidole kimoja. Najua kuwa hesabu hii haimpendezi mtu aliyekwisha kutoa fedha yake, walakini siwezi kumtungia nyingine.

Na sasa tuitazame njia yenyewe, kwani huku kwetu wengi huzungumza habari za tope kana kwamba tope ni moja kila mahali. Barabara ya Taifa Namba 4 hutoka Kisangani, ikapita Bafwaboli, ikafika Bafwasende penye mto Lindi baada ya kilomita kiasi cha 260, kisha ikashika njia ya Nia-Nia na Mambasa. Na kitukwamishacho humo, katika sehemu ambazo udongo mwekundu umelainika, si tope kwa kuwa ni tope, bali ni mifereji iliyochimbwa na malori. Lori lililoshiba mzigo wa Butembo au Bunia huvaa tairi za 12.00 R20, ambazo kipenyo chake hupita mita 1.1, nalo hupita na kupita tena katika alama zake lenyewe hata difu yake ikaanza kuparuza mgongo wa udongo uliobaki katikati. Mgongo huo umechongwa kwa kipimo cha lori. Na Land Cruiser, ambayo tairi yake haizidi sana sentimita 80, ikiingia humo hukalia mgongo kama mtumbwi uliopanda fungu, magurudumu yakizunguka bure pande zote mbili. Inchi mbili za springi zitamfaa nini dereva hapo? Isitoshe, magurudumu ya lori yameachana zaidi kuliko ya kwetu, hata hatuwezi kuifuata mifereji yote miwili kwa pamoja: gurudumu la upande mmoja huwa shimoni na la upande wa pili huwa juu ya mgongo, gari likaenda limelala ubavu, na kadiri ulivyolipandisha ndivyo uzito wake ulivyokwenda juu, na ndivyo lilivyo karibu zaidi na kupinduka.

Lakini nirudi kwenye vile vipande vya tairi, maana hiyo ndiyo dawa ya uongo niliyoapa kuiondoa katika mji huu. Huuzwa kwa bei ya soda mbili, hukatwa kutoka tairi za malori, na husukumwa baina ya pindi za springi ya koili. Wengine hutia pete zilizochongwa kwa mti mgumu juu ya springi, na wenye springi za majani hutia kipande cha mti baina ya majani na ekseli, hata mbele, mahali ambapo nguvu yote ya breki na ya usukani hukivuta kipande hicho kitoke. Gari la yule bwana lilikuwa limetiwa vipande sita. Vya upande wa kushoto vilikuwa vitatu bado, na vya kulia vilikuwa viwili, kwa sababu kimoja kilikuwa kimekwisha kuruka njiani, na jirani yake wa nyuma, alipokuwa akihama mahali pake, alikuwa ameusugua mpira wa breki hata nyuzi zake za ndani zikaonekana. Abiria wake walikuwa mkewe na watoto wanne. Sikumficha ghadhabu yangu, wala sijutii.

Hata kama kipande kingekaa mahali pake milele, bado kingemdhuru kwa njia ambayo hakuidhania. Shokapu, ambayo kwetu huitwa amortisa, ina urefu wake, na ndiyo iamuayo gurudumu lishuke hadi wapi linapokuta shimo. Ukiipandisha bodi sentimita 5 kwa kipande, shokapu ikabaki ile ile, umeikuta imekwisha kuvutika sentimita hizo kabla hujatoka uani, na karibu zote umezinyang'anya katika mshuko wa gurudumu. Basi katika mifereji ile niliyoieleza, gurudumu ambalo lingeshuka likaigusa ardhi sasa hubaki limening'inia hewani, na difu isiyofungwa, kwa tabia yake, huiacha nguvu yote ipotelee kwa lile gurudumu lizungukalo bure. Kwa ufupi, mtu huyu amelipa ili akwame mapema zaidi, na hakuna neno katika kazi yangu linalonitia uchungu kama hilo.

Yako na mengine. Katika toleo la 80, bodi inapopanda ekseli ya mbele huzunguka kidogo juu ya mikono yake, pembe ya kasta, yaani mwegamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, ikapungua, na usukani ukawa mwepesi, gari likitangatanga barabarani kama mtu asiye na kwao. Ule ufito wa mshazari unaoizuia ekseli isiende upande nao huisukuma ekseli nje ya mstari wa bodi. Na nyuma, magari mengi ya namna hii yana valvu iliyoungwa na ekseli kwa kifimbo, ipimayo mzigo kwa umbali uliopo baina ya ekseli na bodi, ambayo hudhani gari ni tupu kila ionapo bodi iko juu, ikazipunguzia breki za nyuma nguvu yake: nawe umepakia mapipa.

Insafu yanidai niseme kuwa magari ambayo magurudumu yake ya mbele hayakuunganishwa kwa ekseli moja, kama Prado na Land Cruiser nyingi za toleo la 100, difu yao ya mbele imefungwa kwenye fremu, hivyo hupanda pamoja na bodi. Ila ya nyuma haipandi, na viungo vya mihimili ya mbele hupindika kupita kiasi na kufa mapema. Aidha sisemi kwamba kupandisha hakuna faida yoyote. Hukinga ngazi za milango na tangi, humwezesha mtu kuingia na kutoka korongoni bila kugonga bampa, na hutoa nafasi ya tairi kubwa. Faida hizo ni halali, mradi mtu azijue kwa majina yake.

Basi afanyeje mwenye kuazimia? Kwanza aache kuuliza inchi, aulize kilo: pipa la lita 200 za mazutu peke yake ni kiasi cha kilo 170, na springi nzuri, kama zile za Old Man Emu ziuzwazo na ARB ya Australia, huchaguliwa kwa uzito wa mzigo wa kila siku, si kwa kimo. Anunue springi na shokapu zilizolingana, asizidi sentimita 5. Anunue na bushi za kurekebisha kasta, mipira mirefu ya breki, na arekebishe valvu. Tairi ziwe zote za kipimo kimoja. Kwenye tope apunguze upepo hadi kiasi cha bar 1.2, na pampu awe nayo ya kuurudisha. Kama gari lina kifungo cha difu, akijaribu kabla ya safari, maana vingi vimeshika kutu. Sepeto, mbao mbili, mnyororo.

Na kazi ya nyumbani ifanywe hivi. Mahali pawe sawa na pakavu, magurudumu yasiyoinuliwa yawekewe vigingi, na fremu ikae juu ya magogo yaliyopangwa msalaba kwa msalaba, mapana na imara, wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hapo ndipo mahali pa mti katika kazi hii. Fungua shokapu, shusha ekseli polepole kwa jeki ya pili bila kuiacha ining'inie kwa mipira ya breki, toa springi, tia mpya, na geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, mwenzio akitazama kuwa hakuna mpira uliokazika kama uzi wa upinde. Boliti za umbo la U zikifunguliwa hazirudishwi, tia mpya. Boliti za bushi zisikazwe gari likiwa hewani, zikazwe uzito ukiwa umekwisha kukaa juu ya magurudumu, la sivyo mpira wa bushi utapasuka. Kisha endesha kwa upole, na ufikapo Bafwasende, kabla hujaoga wala hujala, ingia chini ya gari na spana, ukaze tena kila nati uliyoigusa, kwa kuwa katika kilomita 260 hizo za kwanza springi mpya hukaa mahali pake, na nati zilizokuwa zimebana jana uani huwa zimekwisha kulegea.