Mimea ya Krismasi na Mikono Inayoipamba

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, panga hushuka kwenye nyua za misaipresi kote nyanda za juu. Marangu, Lushoto, Njombe, Limuru, Nyeri: kijana hutumwa akalete mti, akarudi na tawi refu begani, wenzake wakamsaidia kulisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, na kufikia jioni tawi limejaa puto, karatasi za rangi na pamba nyeupe. Nimesomea misitu, na katika mapambo yote ya sikukuu hili ndilo nilipendalo zaidi, kwa sababu limeota kwenye ua wa nyumba hiyohiyo na kila aliyemo ndani amelishika. Ila mti una tabia zake. Familia inayozijua hupamba vizuri zaidi, huutunza ua wake, na haiiweki nyumba hatarini.

Desturi ya kuingiza mti ndani ya nyumba ilikomaa kwa Wajerumani. Taarifa ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg inaeleza misonobari iliyosimamishwa sebuleni na kutundikwa mawaridi ya karatasi, matofaa na vitu vitamu. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert aliyezaliwa Ujerumani, na watoto wao wakiwa wameuzunguka mti wao, na baada ya hapo nyumba nyingi za Uingereza zikataka kuwa na mti pia. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika nchi ambako Krismasi bila mti ilikuwa imepungukiwa. Mlimani hapakuwa na msonobari wao. Msaipresi tunaoukata leo, Cupressus lusitanica, asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa na idara za misitu za wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mbao. Watu wakauona unafaa kwa ua, kwa kuwa hukubali kupogolewa na majani yake husongamana. Kutoka kwenye ua hadi sebuleni ilikuwa safari fupi.

Sasa tuje kwenye panga lenyewe. Msaipresi hukua kwa kufuata kilele chake. Ncha ya juu kabisa hutengeneza homoni inayoshuka kwenye shina na kuyazuia matawi ya pembeni yasishindane nayo kwenda juu, na ndivyo mti unavyonyooka. Ukiondoa kilele, kizuizi hicho hutoweka: matawi mawili matatu ya pembeni huinuka pamoja na shina hupata panda. Kwa ua unaofyekwa kila mwaka hilo si neno. Kwa mti uliopandwa utoe mbao, au uje kuuzwa siku mtoto anapopata nafasi ya chuo, kilele kilichokatwa kwa ajili ya sebule ni hasara itakayoonekana miaka 15 baadaye, mpasuaji atakapokuta shina limegawanyika. Mwenye kukata achague tawi la pembeni lenye umbo zuri, au mche uliosongwa na wenzake ambao ungepunguzwa hata hivyo. Kwenye shamba la miti, huo wa pili ndio mti bora wa Krismasi: kuutoa kunaipa nafasi miti iliyobaki.

Kabla ya kulikata tawi, liangalie kwa karibu. Kama vijitawi vimegeuka rangi ya kahawia kuanzia ndani, vinanata, na vina weusi kama masizi, ujue vidukari wa misaipresi wamo. Wadudu hao walionekana Malawi mwaka 1986, wakaingia Kenya mwaka 1990, na katika miaka michache waliangamiza nyua na mashamba ya miti kuanzia kusini hadi mashariki mwa Afrika. Wanafyonza utomvu, na mate yao huukausha mti. Miaka ya 1990 wataalamu walileta kutoka Ulaya nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya mwili wa kidukari, na buu akitoka humla mwenyeji wake. Nyigu huyo alisaidia sana, ingawa wadudu hawakuisha. Tawi lenye dalili hizo lisisafirishwe kutoka kijiji hadi kijiji kwenye buti la gari. Likatwe lichomwe hapohapo.

Tawi lenye afya likatwe siku mbili tatu tu kabla ya mkesha, asubuhi mapema au jioni, saa ambazo limeshiba maji. Tatizo ni utomvu: ndani ya muda mfupi huganda juu ya jeraha na kuziba mirija inayopandisha maji. Kwa hiyo ukifika nyumbani, kata tena kipande cha sentimita mbili kwenye kitako, kisha lisimamishe mara moja kwenye ndoo ya mchanga ulioloweshwa hadi maji yaonekane juu. Siku ya kwanza litakunywa kuliko siku zote zitakazofuata. Mpe mtoto mmoja kazi ya kuangalia maji kila asubuhi, awe na kopo lake. Tawi lililonyweshwa hukaa kijani na kunukia hadi mwaka mpya. Lililosahauliwa hukauka mafuta yakiwa bado ndani, na hapo huwaka kwa kasi ya kutisha, ndani ya sekunde chache tu. Mishumaa isiwekwe juu ya msaipresi hata kama bibi anasema zamani iliwekwa. Kweli iliwekwa, na mwaka 1882 Edward Johnson wa New York alipofunga taa 80 za umeme kwenye mti wake alikuwa anawafungulia watu njia ya kuuacha moto huo. Taa za LED hazipati joto la kuogopesha, lakini waya uliochubuka ni hatari kwa taa yoyote, basi zikague kabla ya kuzitundika. Kipimo changu cha ukavu ni rahisi: pinda kijitawi. Kikijikunja bado kina maji. Kikikatika kwa mlio, toa mti nje siku hiyo.

Pwani mambo ni mengine. Joto la Mombasa, Tanga na Dar es Salaam haliufai msaipresi, na wenyeji wamezoea kukata mvinje. Mvinje unafanana na msonobari kwa macho tu. Zile nyuzi zake za kijani ni vijitawi, na majani halisi ni magamba madogo yaliyozunguka kila kiungo. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana unamea kwenye mchanga usiofaa kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Miche mingi ya aina nyingine ilikufa, mivinje ikashika. Vijitawi vyake vilivyoanguka havikuwa vikioza upesi, hadi Haller alipoleta majongoo wakavila na kuvigeuza udongo. Leo pale ni msitu. Nawasimulia hayo watu wa pwani wanaotupa mvinje wao jaani mwezi wa Januari: ukatekate, uutandaze chini ya mnazi au mwembe, majongoo watamalizia.

Ila pwani ina pambo kubwa kuliko mvinje, nalo halikatwi. Mkrismasi, mti wa asili ya Madagaska, huwaka maua mekundu kuanzia mwishoni mwa mwaka. Ua lake lina petali tano, nne nyekundu na moja iliyosimama yenye madoa ya njano na meupe. Ukilivunja ukaliweka kwenye chupa ya maji linalegea upesi, na hilo limewasononesha akina mama wengi waliotaka kupamba meza. Ushauri wangu ni kuipeleka meza kwenye mti. Fagia uwanja, tandika mikeka, panga viti vya wazee upande wa kivuli, na chakula kiliwe hapo. Petali zikidondoka juu ya mkeka ziacheni. Nyumba nyingi za pwani zina mti huu mbele ya mlango, ilhali sherehe yote inafanyika ndani kwenye joto, pembeni ya mti wa plastiki. Naona tunajinyima.

Swali ninaloulizwa zaidi Desemba ni kuhusu poinsetia: kwa nini picha za Ulaya na Marekani zinauonyesha mwekundu wakati wa Krismasi, na wa kwetu Moshi au Arusha uwe wa kijani, kisha uje kuwaka katikati ya mwaka? Jibu liko kwenye urefu wa usiku. Poinsetia, mmea wa Meksiko uliopewa jina la Joel Poinsett, balozi wa Marekani huko miaka ya 1820, hausubiri baridi wala mvua. Unahesabu giza. Usiku ukirefuka vya kutosha kwa wiki kadhaa mfululizo, majani ya juu hugeuka mekundu kuyazunguka maua yenyewe, ambayo ni yale madogo ya njano katikati. Kaskazini mwa dunia usiku huupita mchana kwa urefu kuanzia mwishoni mwa Septemba, na Desemba mmea uko tayari. Kusini mwa ikweta Desemba ni mwezi wa usiku mfupi. Pale Moshi tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni kama dakika 20 tu, na mmea huo unaihisi.

Unaweza kuupa giza mwenyewe. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba funika chungu kwa boksi lisilopitisha mwanga saa 12 jioni, lifunue saa 2 asubuhi, kila siku kwa wiki nane hadi kumi. Taa ya barazani ikiupiga usiku, hata kwa muda mfupi, hesabu inavurugika. Mchana uupe jua la kutosha. Hii ni kazi ambayo mtoto wa miaka minane huimudu na kuionea fahari, nami sijui maandalizi mengine ya Krismasi yanayomfundisha subira kwa ukweli namna hii. Utomvu mweupe wa mmea unawasha ngozi na macho, basi anawe mikono. Ajue pia kwamba poinsetia nyingi zinazopamba madirisha ya Ulaya zilianza maisha kama vipandikizi vilivyokatwa kwenye mashamba ya Kenya, Uganda na Ethiopia na kusafirishwa kwa ndege. Mikono ya huku ndiyo iliyozianzisha.

Nimeuacha mwishoni mmea ambao watu wa mlimani wangeutaja kwanza. Desemba Wachagga wengi hurudi nyumbani, mabasi ya kwenda Rombo, Kibosho na Machame hujaa, na kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kilichokaa na wazee wawili mwaka mzima hupata watu 30. Migomba miwili husimamishwa mlangoni au kwenye njia ya kuingilia, majani yake yakikutana juu, na kandokando huwekwa masale. Mmea huo, Dracaena fragrans, ndio unaoonyesha mpaka wa kihamba, ndio unaoota makaburini, na jani lake ndilo hupelekwa na aliyekosa kwa aliyemkosea anapoomba msamaha. Kulikataa ni jambo zito. Katika siku hizi za sikukuu, kati ya nyama ya ndafu na pombe ya mbege, ukoo huketi na kuzungumza yaliyoharibika. Anayepamba mlango kwa masale anatumia mmea ambao wazee wanausoma, na mjukuu aliyekulia Dar es Salaam anastahili kuelezwa maana yake wakati analishika jani, si baadaye kwenye hotuba. Masale hayana gharama: kata kipande cha shina, chomeka kwenye udongo wenye unyevu, kinaota. Hata kwenye ghorofa ya Sinza kitaishi ndani ya chungu penye mwanga hafifu.

Pango la kuzaliwa kwa Yesu nalo lisisahauliwe. Fransisko wa Asizi alitengeneza lake Greccio, Italia, mwaka 1223, akiwa na hori, nyasi na wanyama hai. Kwetu nimeona sanamu za mpingo, za udongo, na za magome ya migomba, na hizo za mwisho ndizo familia yoyote inaweza kuzitengeneza. Magome yawe makavu kabisa kabla ya kusokotwa, la sivyo huota ukungu yakiwa sandukuni. Andika nyuma ya kila sanamu jina la aliyeisokota na mwaka.

Kwa familia inayotaka mti mmoja wa kudumu, ninaipendekeza araukaria ya kisiwa cha Norfolk, mti ambao matawi yake hukaa kwa ngazi zilizopangika na huvumilia chungu kwa miaka mingi. Pwani na bara kote unakubali. Ingizeni chungu ndani wiki ya Krismasi, pambeni, kisha baada ya Sikukuu ya Tokeo la Bwana, Januari 6, kitoeni taratibu: kwanza barazani, halafu juani. Kwenye kisiwa chake mti huu hufikia urefu wa zaidi ya mita 40, kwa hiyo siku ya kuupanda ardhini uwe mbali na paa na nyaya za umeme, na upandwe mvua za masika zikishika. Kati ya Januari na masika kuna kiangazi, na chungu hukauka upesi. Kabla watu hawajapanda mabasi kurudi mjini, ketini mkubaliane nani anaumwagilia na siku zipi.