Motokaa za Umeme za Watoto, na Rimoti Mkononi mwa Mzazi

Siku hizi ukipita mitaa ya Kasese wakati wa sikukuu huenda ukamwona mtoto wa miaka mitatu ameketi ndani ya motokaa ndogo nyekundu, ameshika usukani, naye anakwenda bila kusukumwa na mtu. Hatua chache nyuma yake yuko baba yake, ana kidude cha plastiki mkononi. Watu husimama wakashangaa. Mimi nami nilishangaa, hata likizo iliyopita baba mdogo akaniruhusu kufungua kiti cha ile aliyomnunulia mwanawe, nikatazama yaliyomo. Mna nusu ya masomo yetu ya fizikia humo, tena mna jambo ambalo mzazi hana budi kulijua kabla hajalipa fedha zake.

Chini ya kiti mna betri ndogo kuliko tofali, ya risasi na asidi, iliyozibwa isimwagike. Motokaa ndogo huwa na betri ya volti 6, na kubwa volti 12. Hiyo niliyoiona iliandikwa volti 12 na ampea-saa 7. Ukizidisha wapata wati-saa 84, yaani haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uniti moja ya umeme. Basi anayehofu kufilisiwa na bili ya umeme ahofu bei ya dukani badala yake. Shida ni muda: kuichaji huchukua saa 8 hata 12, naye mtoto huimaliza kwa saa moja au mbili. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kuna kilio nyumbani.

Wako wanaosema kwamba ndani ya betri hizo mna kobalti yetu ya Kasese. Ni kweli kwamba kuanzia 1999 kobalti ilitolewa hapa katika mabaki ya mgodi wa Kilembe, na kobalti huingia katika baadhi ya betri za lithiamu, kama za simu. Lakini motokaa nyingi za watoto hutumia risasi. Kitu ambacho wazee waliofanya kazi Kilembe wangekitambua ni shaba, maana mota zote zimezungushiwa waya wa shaba, na shaba ndiyo iliyoileta reli hadi Kasese mwaka 1956.

Mota ni mbili, kila gurudumu la nyuma na yake. Mota huzunguka mbio mno, kwa hiyo kuna sanduku la gia za plastiki la kupunguza mbio na kuongeza nguvu. Katika motokaa nyingine za volti 12, ukitaka mwendo wa pole mota hufungwa kwa mfululizo, kila moja ikapata volti 6; ukitaka mbio hufungwa sambamba, kila moja ikapata volti 12 zote. Wenzangu wa kidato cha pili wanaouliza mizunguko ya mfululizo na sambamba ina faida gani duniani, jibu ni hilo. Kurudi nyuma ni kugeuza tu upande mkondo unakotoka. Nacho kikanyagio cha mtoto ni swichi, basi.

Sasa rimoti. Rimoti ya televisheni hutuma mwanga usioonekana, ndiyo maana hapana budi kuielekeza kwenye televisheni. Hii hutuma mawimbi ya redio, nyingi zikitetemeka mara milioni 2,400 kila sekunde, na haidai kuelekezwa. Ndani ya motokaa mna kisanduku kinachoyapokea, nacho hutambua rimoti yake tu. Mzazi akibonyeza, kisanduku hakimsikilizi mtoto tena. Katika ile ya baba mdogo kuna mota ya tatu kwenye usukani, hata baba akikata kona usukani wageuka wenyewe mikononi mwa mtoto. Mtoto haoni ajabu. Alitutazama kama dereva wa lori anayerudi salama kutoka Mpondwe.

Lakini rimoti si kamba. Ina betri zake ndogo, nazo hufa bila kuaga. Mawimbi yake hayafiki mbali. Na kisanduku kikikosa umeme hakisikii amri yoyote. Tuliipeleka motokaa ile Bwera kwa bibi, ambako uwanja umeinama. Betri ilikuwa imekwisha nguvu. Baba alibonyeza kitufe cha kusimamisha, gari likaendelea kuteremka polepole hadi kwenye migomba. Mtoto alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa upande wa pili wa uwanja huo ni barabara ya malori yaendayo Kongo. Kwa maoni yangu, mzazi asikae mbali kuliko anavyoweza kukimbia, na penye mteremko au barabara motokaa isitolewe kabisa.

Kupanda mlima nako si salama kwa motokaa. Mota iliyolemewa hula mkondo mwingi, na waya hupata moto. Fyuzi imewekwa ili ikate mkondo kabla ya madhara; fundi akiiondoa na kuunganisha waya mtupu, ameondoa mlinzi. Si jambo la kubuni: mwaka 1998, huko Marekani, motokaa za aina hii zipatazo milioni 10 ziliitwa zirekebishwe kwa sababu ya hatari ya moto.

Na betri ikifa isivunjwe. Wako vijana wanaopenda kuyeyusha risasi yake. Moshi na vumbi lake ni sumu, na ubongo wa mtoto mdogo ndio huumia zaidi.

Wadogo zetu wa Bwera bado wanaunda motokaa za waya zenye magurudumu ya malapa, wakiziongoza kwa fimbo ndefu kutoka nyuma. Hizo hazina fyuzi wala chaja, na usukani wake hushikwa na mtoto mwenyewe.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na kazi mijini, mkiwa na motokaa ya namna hii iliyokwisha kufa, msiitupe. Mota zake mbili, gia na swichi zingetufaa sana katika maabara. Betri tu msitutumie.